Drepanositozi: Wanasayansi wamepata figa la kutoa, watoto wetu wanangoja nini?

Wengi wetu hapa Goma, Bukavu ama Bunia tunamfahamu mtoto wa aina hii: macho ya njano, mifupa inayouma usiku kucha, damu ya kuongezewa kila mara. Wengine wanasema amelogwa. Hapana. Ni drepanositozi, ugonjwa anaorithi kwa baba na mama, na Kongo ni kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nao.

Akiwa tumboni, mtoto huyo hana shida, kwani anatumia hemoglobini nyingine isiyo na kasoro. Akisha kuzaliwa, jeni moja iitwayo BCL11A inaizima. Mwaka 2013 na 2015, watafiti wa Boston, Marekani, walionyesha kinachoipa jeni hiyo nguvu ndani ya chembe zinazozaa damu nyekundu: vipande vitatu vya DNA, viitwavyo enhansa, vinavyosaidiana. Ni kama mafiga matatu. Ukitoa moja lililo muhimu, chungu kinayumba: BCL11A inapungua na hemoglobini ya tumboni inarudi. Kwingine mwilini, jeni hiyo inaendelea na kazi yake.

Kutokana na ujuzi huo, tiba iitwayo Casgevy ilikubaliwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023. Bei yake Marekani: dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Nani kwetu ataiweza?

Lakini tusikunje mikono. Kuna kidonge cha zamani, hidroksiyurea, kinachoongeza hemoglobini hiyohiyo bila kukata jeni. Kilijaribiwa kwa watoto wa Kinshasa, pamoja na wa Angola, Kenya na Uganda. Matokeo yalitangazwa mwishoni mwa 2018: maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo, vyote vilipungua.

Basi shida si sayansi tena. Serikali ihakikishe kila mtoto anapimwa akizaliwa, hata kwenye materniti za vijijini, na kidonge kifike kwa bei ambayo mama muuza ndizi anaiweza. Vijana nao wapime damu kabla ya kuoana.

Kipimo, kidonge na daktari wa kufuatilia: hayo ndiyo mafiga yetu. Hayahitaji dola milioni. Yanahitaji viongozi wanaoona kwamba mtoto wa Mashariki naye ana haki ya kulala usiku bila kulia.