Nani Ameiroga Hamira?

Katika misiba mingi tunayoiongoza hapa Singida, kuna swali linaloulizwa kabla udongo wa kaburi haujakauka. Haliulizwi kwa sauti. Linanong'onwa nyuma ya nyumba, watu wakiwa wamekaa kwenye vigoda: nani amemuua? Marehemu ameugua miezi minane, hospitali imetaja ugonjwa, sisi tumesoma liturujia na watu wameitikia amina. Bado jina linatafutwa. Na mara nyingi jina linalopatikana ni la bibi mzee, mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni.

Tunasema wazi: fundisho kwamba kila kifo kina mtu nyuma yake ni uongo. Tunataka kuwajibu wanaolitetea, na tutaanzia jikoni, kwenye hamira.

Hamira ni kiumbe hai. Katika kijiko kimoja mna seli nyingi mno, na kila seli ni kiumbe kamili peke yake. Wengi walidhani kiumbe cha namna hiyo hufa kwa kuuawa tu: na joto, na sumu, au na njaa. Mwaka 1997 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, akiwamo Frank Madeo, walieleza hamira yenye hitilafu katika jeni moja, ambayo ilikufa kwa utaratibu, ikiwa na dalili zinazofanana na za seli ya mwili wetu inapojimaliza yenyewe. Mwaka 2002 Madeo na wenzake waliitambua jeni iitwayo YCA1. Seli ikipatwa na sumu au ikizeeka, jeni hiyo huisaidia kufika mwisho wake. Walipoiondoa, seli nyingi zaidi zilibaki hai.

Je, zilifaidika? Utafiti uliotolewa mwaka 2004 ulionyesha kwamba seli zilizoondolewa jeni hiyo, baada ya kuishi siku nyingi, zilipungukiwa nguvu ya kukua upya. Zilipowekwa pamoja na seli za kawaida, hizo za kawaida zilizishinda. Zinazokufa huachia chakula, na zinazobaki hukitumia. Wataalamu wangali wakibishana juu ya maana ya jambo hili, lakini kifo hicho hakikuletwa na adui kutoka nje tu. Seli yenyewe inashiriki.

Wala tusiseme hayo ni mambo ya Ulaya. Hamira nyingine inayochunguzwa sana katika maabara za dunia ilipatikana katika pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, na mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner akaipa jina la lugha yetu: Schizosaccharomyces pombe. Sisi tunaowaonya Wakristo wasinywe pombe tunakiri kwamba hata humo Mungu ameacha somo.

Sasa tunauliza: nani ameiroga hamira? Haina shangazi mwenye wivu. Haina jirani aliyeitazama vibaya. Tena kila mmoja wetu, alipokuwa tumboni mwa mama yake, vidole vyake viliunganishwa na utando. Seli za utando huo zikafa kwa utaratibu, vidole vikaachana. Mkono unaomnyooshea bibi kidole umekipata kidole hicho kwa kifo alichokipanga Muumba.

Mtatujibu: Mchungaji, seli si mtu. Ni kweli. Kifo cha mtu ni adui, nasi tunalia pamoja nanyi. Hatusemi kwamba mzee afe ili kijana ale. Anayesema hivyo hajaelewa hamira wala Injili. Lakini ninyi mlisema hakuna kinachokufa bila mkono wa mbaya, na hoja hiyo imeangushwa na kiumbe kisichoonekana kwa macho.

Mtasema tena: Mtume Paulo anafundisha katika Warumi 5 kwamba kifo kiliingia kwa dhambi. Ndiyo. Lakini kwa dhambi ya nani? Paulo anamtaja Adamu, na ndani ya Adamu sisi sote. Hamtaji mjane wa nyumba ya tatu. Anayelikimbilia fungu hilo ili apate mchawi amegeuza ungamo letu sote kuwa mashtaka ya mtu mmoja.

Wako wanaojiita manabii ambao mgonjwa akiwafikia humwonyesha adui katika ukoo wake, kisha hupokea sadaka. Wanaohesabiwa gharama ni wengine. Taarifa za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimeeleza mara kwa mara mauaji ya watu wanaotuhumiwa uchawi nchini, wengi wao wanawake wazee. Na sisi wachungaji tuna hatia yetu: tumeusikia mnong'ono huo, tukanywa chai ya msiba, tukaondoka.

Katekisimo Ndogo tuliyoikariri sote, katika amri ya nane, inatutaka tumtetee jirani na kumnenea mema. Basi msiba ujao, mnong'ono ukianza, mzee wa kanisa asimame aukemee palepale. Akina mama waende wakaketi na bibi yule, wale naye sahani moja. Na Jumapili tutakapoiendea Meza ya Bwana, asibaki nyuma peke yake; mmoja wetu amshike mkono, waende pamoja.