SI KOSA LA MELI

Watu wakizungumza juu ya filamu za mbio na hatari zilizowasikitisha, hawakawii kuitaja Speed 2, ile ya mwaka 1997. Wakubwa kwa wadogo waicheka kwa sababu ileile: filamu ya kwanza ilikuwa na basi lenye kukimbia, ya pili ina meli yenye kutambaa, nani aogope meli? Hata Keanu Reeves, mchezaji mkuu wa filamu ya kwanza, aliyekataa kucheza katika ya pili, ameeleza kwamba meli huenda polepole kuliko basi. Naye Sandra Bullock, aliyekubali, amesema miaka mingi baadaye kwamba angali anaona haya. Neno hilo la meli limekuwa kama hukumu iliyokwisha kukatwa.

Sisi twataka kuifungua tena hukumu hiyo. Kwamba filamu ni mbaya, hatubishi. Lakini sababu inayotolewa si sababu ya kweli, na kwa kuishika watu wanawaachilia wenye kosa waende zao.

Tukumbuke kwanza kitu kilichopendwa. Speed ya mwaka 1994 iliongozwa na Jan de Bont, Mholanzi ambaye mpaka siku hizo alikuwa mpiga picha wa filamu za wengine, kama ile Die Hard ya mwaka 1988. Hadithi aliiandika Graham Yost. Iligharimu dola milioni 30 hivi, na huko Hollywood hizo si fedha nyingi. Ikaingiza milioni 350 hivi katika dunia nzima, ikapewa na tuzo mbili za Oscar kwa ajili ya sauti zake.

Na hadithi yenyewe? Mtoto wa miaka sita aweza kuisimulia. Chini ya basi la mji wa Los Angeles, huko Marekani, pamewekwa bomu. Basi likifika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, bomu laamka. Likirudi chini ya 80, lalipuka. Abiria hawana ruhusa ya kushuka. Ni hayo tu. Lakini tazameni ni mambo mangapi yanayozaliwa na sheria hiyo ndogo. Taa nyekundu ya njiani, ambayo sisi sote huipita kila siku bila kuiwaza, yageuka adui. Kona ya barabara ni adui. Magari yaliyosongamana ni adui. Kigari cha mtoto mchanga chagongwa, na watu katika ukumbi wa sinema wapiga kelele kwa uchungu, kumbe ndani mna makopo matupu! Mama mmoja, kwa hofu, ajaribu kushuka; kabomu kengine kadogo kalipuka chini ya ngazi, naye afa mbele ya macho ya wenzake. Kisha waambiwa kwamba barabara kuu mbele yao haijamalizika kujengwa, ina pengo katikati. Na nani anashika usukani? Si fundi, wala si askari. Dereva amepigwa risasi, na aliye mahali pake ni msichana Annie, aliyekuwa amepanda basi siku ile kwa sababu polisi walimnyang'anya leseni kwa kosa la kwenda kasi mno.

Hivi kila mtu ana kazi. Mwenye kutazama naye ana kazi: jicho lake liko juu ya mshale wa mwendo, naye ahesabu pamoja na Annie, 90, 85, 82... Hakuna anayemwambia aogope. Hofu yake yatoka katika hesabu anayoifanya mwenyewe.

Sasa njoni melini. Annie na mchumba mpya, Alex Shaw, polisi vilevile, wako matembezini katika bahari ya Karibi, katika meli ya matajiri iitwayo Seabourn Legend. Mtu mmoja, Geiger, ambaye alitengeneza mitambo ya meli za namna hii akafukuzwa kazini alipougua, aikamata meli kwa kompyuta zake, aiba almasi, kisha aielekeza ikagonge meli kubwa yenye kubeba mafuta. Vema. Tuulize swali lilelile: sheria ni ipi? Meli ikipunguza mwendo, kutatokea nini? Hakuna kitu. Ikisimama? Vizuri sana, wote watashukuru. Abiria ni wangapi waliobaki? Wengine wameshuka kwa mashua, wengine wamefungiwa vyumbani, wengine wasimama tu wakishika vichwa. Hatuijui hesabu yao. Mara ni moshi, mara ni maji, mara mashua yaning'inia, mara meli ya mafuta yaja, mara mji uko mbele, na hatari mpya ikiingia, ya zamani imekwisha kusahauliwa. Mtazamaji hana cha kuhesabu. Akae, angoje kuambiwa ni wakati gani wa kuogopa.

Na huyo Geiger! Asema amepata sumu ya shaba mwilini kwa ajili ya kufanya kazi na kompyuta, naye ajiwekea ruba ili wamnyonye damu chafu. Wasomaji wetu wa Katanga, wanaojua shaba yatoka wapi, watatuambia kama wamepata kusikia ugonjwa wa namna hiyo. Willem Dafoe ni mchezaji hodari, lakini hapa amepewa ruba tu. Mwovu wa filamu ya kwanza, aliyechezwa na Dennis Hopper, alikuwa polisi wa zamani aliyeona kwamba kwa utumishi wake wote amepewa saa ya mkono ya bei rahisi. Alidai dola milioni 3.7. Uchungu wake tuliuelewa, na ndiyo maana alitutisha.

Wengine watasema: hata hivyo, meli ni polepole. Ni kweli, meli za namna ile hazifiki kilomita 40 kwa saa. Lakini na watujibu hili. Mwaka uleule wa 1997, mwezi wa Desemba, ilitoka Titanic ya James Cameron. Hiyo nayo ni meli, tena meli ambayo kila mtu alijua mwisho wake kabla ya kununua tikiti. Mbona watu hawakucheka? Kwa sababu mjenzi wa meli aja na ramani yake, aonyesha vyumba vilivyoingia maji, asema imebaki saa moja, pengine mbili; na mashua za kuokolea zatosha karibu nusu tu ya watu. Basi hesabu imeanza. Meli yasimama kabisa katikati ya bahari, haiendi hata kilomita moja, na hofu yazidi kupanda! Tusiisingizie meli, jamani.

Kosa lilifanyika mezani kwa watengenezaji. Jan de Bont alisimulia kwamba alikuwa akiota mara kwa mara meli yenye kugonga kisiwa. Ndoto hiyo ndiyo iliyokuwa mwisho wa filamu, na hadithi ikashonwa nyuma yake kama kiraka. Katika mji wa Marigot, kisiwani Saint-Martin, walijenga nyumba ili zivunjwe, wakaunda mfano wa sehemu ya mbele ya meli na kuupitisha juu ya reli chini ya maji. Inasemekana kwamba dakika zile chache zilikula dola milioni 25 hivi. Karibu bei ya Speed ya kwanza nzima! Tusiwadhulumu mafundi: meli inayoingia barabarani na kukanyaga nyumba na mashua ni kazi ya kustaajabisha, tena sehemu kubwa ilifanywa kwa mikono. Lakini aliyefika pale amechoka kungoja, naye atazama kama mtu anayeonyeshwa nyumba ya jirani ikibomolewa.

Kwa jumla filamu iligharimu zaidi ya dola milioni 100, ikaingiza 164 hivi, na wenye kumbi za sinema hukata fungu lao humo. Kwa hiyo hata wao wenyewe hawakufaidi.

Kinachotuudhi sisi zaidi ni lile jina. Keanu Reeves alisoma hadithi, akakataa. Sandra Bullock alikubali, na sababu mojawapo ni kwamba alitaka kusaidiwa kutengeneza filamu nyingine, Hope Floats, iliyotoka mwaka 1998. Basi kampuni ya Fox ilikuwa haina Jack, wala bomu, wala basi, wala sheria ya mwendo. Ilibaki na nini? Jina. Ikalibandika. Mama mwenye kuuza unga wa muhogo, ambaye unga wake wasifiwa mtaani kote, akitia unga mwingine uliooza ndani ya mfuko uleule, wateja watarudi siku hiyohiyo kudai makuta yao, na atayarudisha. Mlangoni mwa sinema makuta hayarudi. Mfanyakazi ametoa sehemu ya mshahara wake, amekuja na mke wake, pengine amewaambia na jirani. Alikuja kwa ajili ya neno aliloahidiwa, na neno hilo ni Speed.

Tazameni hata walivyomtenda Annie. Yule aliyeliokoa basi zima kwa mikono yake, katika filamu ya pili aonekana kwanza katika mtihani wa kuendesha gari, ili tumcheke. Kisha melini apiga kelele, na mwisho achukuliwa na Geiger kama mzigo. Usukani wamempa nani? Hakuna. Na Jack je? Maneno machache tu, waliachana. Filamu ya kwanza ilikuwa imetoa onyo kwamba urafiki unaozaliwa katika hatari haudumu; labda hilo ndilo neno lake pekee lililoheshimiwa.

Kuna wanaotuambia tusikasirike, kwa maana kila sehemu ya pili ni mbaya, ndiyo desturi. Si kweli. Mwaka 1984 Cameron alituonyesha mashine iliyotumwa kumwua mama. Mwaka 1991, katika Terminator 2, mashine ya sura ileile yaja kumlinda mwana wa mama huyo. Jambo moja limegeuzwa, mengine yote yanashika. Na Jan de Bont hakuwa fundi mbovu: Twister yake ya mwaka 1996 ilipendwa sana. Wengine wamtaja Roger Ebert, mwandishi mashuhuri wa Chicago, aliyeisifu Speed 2 na kuipa nyota tatu, na hata baada ya miaka mingi hakulifuta neno lake. Alifurahia upuuzi wake, na furaha ni ya mtu mwenyewe. Lakini yeye alilipwa ili atazame, wengine walilipa.

Mwaka 2024, Speed ilipotimiza miaka 30, Reeves, Bullock na de Bont walikutana mbele ya watazamaji huko Los Angeles, wakaongea pia juu ya kufanya kazi pamoja tena. Watu walishangilia. Sisi nasi tungependa kuwaona. Ila kabla hawajatafuta meli, wala ndege, wala gari-moshi, waichukue karatasi moja waandike juu yake sheria ya filamu ya tatu, kwa maneno ambayo yule mtoto wa miaka sita aweza kuyasimulia. Wakishindwa kuijaza hiyo karatasi, jina waliache mahali lilipo.