Usiing'oe injini ya 504

Wadau, nimepotea kidogo. Wikendi zangu zinaishia chini ya pikapu ya mzee, Peugeot 504 ambayo kuku walishaanza kutaga ndani. Kila anayepita ananishauri niweke injini ya Toyota. Nakataa! Saluni ya 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975. Hii yetu imekosa matunzo tu. Kukata na kuchomelea hakuna Ctrl+Z. Kabureta niliifungua kwa bisibisi, nikaiosha, injini ikanguruma. Ugonjwa ni nyaya: kila fundi aliongeza zake bila kutoa za zamani, kama programu niliyorithi kazini. Nimezing'oa zote, natandika upya, kila taa na fyuzi yake. Redio na mapambo baadaye. Mzee ameshauliza mara mbili ataiendesha lini.