Manowari ya Kijana wa Garissa

Leo naomba radhi niziache tungo na ngoma pembeni, nizungumze habari ya manowari. Najua wapo watakaosema mshairi kavamia kazi ya makamanda. Nisikilizeni kwanza, hukumu ije baadaye.

Hivi karibuni nilikuwa Garissa kwenye arusi ya jamaa. Baada ya sala ya alasiri nilikaa mgahawani karibu na daraja, nanywa chai ya maziwa ya ngamia na kuutazama mto Tana unavyopita, maji mekundu kama udongo wa ngeu. Meza ya pili alikuwapo kijana wa Kisomali, mwanafunzi wa sekondari, kainamia daftari la hesabu lenye miraba. Wenziwe walikuwa wakimcheka.

"Adeer," mmoja wao akaniita, na adeer kwao ni kama ami kwetu, "mtazame huyu. Bahari hajapata kuiona, na anaunda meli ya vita ya Wafaransa!"

Niliomba lile daftari. Naam, ilikuwa manowari kweli, imechorwa ubavuni na kwa juu, omo na tezi, mizinga na dohani, na pembeni safu za tarakimu zilizofutwa na kuandikwa tena. Kijana akanieleza kwamba meli hiyo haikupata kuwako. Ana wajomba Djibouti, nchi iliyokuwa chini ya Ufaransa mpaka mwaka 1977, naye kajiuliza: lau Wafaransa katika miaka ya 1930 wangeunda chombo kimoja zaidi cha kulinda bandari ile, kingekuwaje?

Nikamwambia, "Mwanangu, kama ni ya kubuni, mbona hukuipa mizinga ishirini ukapumzika?"

"La, adeer," akanijibu. "Kuna mkataba."

Hapo ndipo aliponinasa. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, mataifa makubwa yalichoka kushindana kwa meli. Mwaka 1922 yakatia saini mkataba mjini Washington: meli kubwa ya vita isizidi tani 35,000, na ile ya daraja ya pili isizidi tani 10,000 wala mizinga yake isizidi inchi 8. Mwaka 1930 mjini London wakaongeza kanuni za vyombo vidogo. Chombo kisichozidi tani 2,000, kisichopita mwendo wa maili 20 za baharini kwa saa, kisicho na topido, chenye mizinga isiyozidi minne ya zaidi ya inchi 3, na hata mmoja usizidi inchi 6.1, hicho hakihesabiwi katika fungu la taifa. Kijana wangu kajifunga na kanuni hiyo. Kila alichotaka kukitia, alilazimika kwanza kuuliza atoe nini.

Nilicheka kwa furaha, kwa kuwa kazi hiyo ndiyo kazi yangu. Sisi tuliolelewa chuoni na kufunzwa tungo na wazee twajua kwamba mshororo una mizani kumi na sita, nane huku na nane huku. Ukitaka kutia neno zito, sharti ulitoe jingine. Asiyekubali kutoa hana shairi. Tani ni mizani ya fundi wa meli. Na tani za manowari maana yake ni uzito wa maji ambayo chombo kinayasukuma ili kielee, kwa hivyo bahari yenyewe ndiyo mhariri, na haidanganyiki.

Wafaransa wenyewe walijifunza hayo kwa vitendo. Manowari yao Duquesne, ya kwanza kuundwa kwa kanuni ya tani 10,000, ilipewa mbio za maili zaidi ya 33 kwa saa, ikawa na ngozi nyembamba isiyoweza kuhimili kombora. Miaka michache baadaye wakaunda Algérie kwa kanuni ile ile. Walipunguza mbio kidogo, wakaivisha chuma cha unene wa milimita 110 ubavuni, na wajuzi wengi waliisifu. Dunkerque nayo, iliyoingia kazini mwaka 1937, iliwekewa mizinga yake mikubwa minane yote upande wa omo, katika minara miwili tu, ili uzito wa chuma cha kuifunika upungue.

Na kile chombo alichokibuni kijana kina ndugu wa kweli. Wafaransa waliunda manowari ndogo za makoloni, kundi la Bougainville, zenye mizinga mitatu, injini za dizeli za kwendea safari ndefu, na ndege ndogo ya kutua majini. Moja, D'Entrecasteaux, ilikuwa Diego Suarez, kule Madagaska, Waingereza walipokuja kuishambulia bandari hiyo Mei 1942. Ikapigwa ikaishia hapo hapo. Mwaka huo huo askari wa KAR kutoka Afrika Mashariki nao walipelekwa kisiwani humo, wana wetu waliosema Kiswahili, kupigana vita visivyowahusu.

Sikufichi, msomaji, hapo moyo ulinichacha. Hata neno manowari si letu, tumelipata kwa Waingereza. Vyombo hivyo vilikuja pwani zetu kutisha na kutawala. Februari 1941 majeshi yaliyokusanyika Garissa hii hii yalikwenda nchi kavu kuwatoa Wataliani Kismayu, na manowari za Kiingereza zikipiga mizinga kutoka baharini. Nikawaza, mtoto mwenye akili hivi kwa nini aitumie kuwaundia waliotutawala meli ambayo hata wao hawakuitaka? Hesabu nzuri haikuiokoa hata Algérie. Ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe bandarini Toulon, tarehe 27 Novemba 1942, isije ikatwaliwa na Wajerumani.

Nilikuwa karibu kumwambia hayo. Lakini macho yangu yakaenda kwenye Tana, na maneno yakanikwama.

Mtakumbuka masika ya mwaka 2024. Mto ulifurika, barabara baina ya Garissa na Madogo ikamezwa na maji, na watu wakawa wakivushwa kwa mashua pale ambapo jana yake palipita mabasi. Tarehe 28 Aprili, mahali paitwapo Kona Punda, mashua moja ilipinduka. Watu 23 waliokolewa. Wengine hawakurudi majumbani kwao, Mwenyezi Mungu awarehemu. Tazameni tarehe hiyo. Feri ya Mtongwe ilizama tarehe 29 Aprili 1994, wakafa watu 272. Miaka thelathini kasoro siku moja! Mimi nilikuwa kijana Mombasa mwaka ule, na kilio cha Mtongwe sijakisahau.

Basi nikamrudishia daftari lake, nikamwambia, "Geuza ukurasa. Nichoree chombo cha kuvusha watu hapa, maji yakifurika."

Alinyamaza kidogo, kisha akashika kalamu. Tuseme chombo, akasema, kina uzito wa kilo 600. Watu ishirini wa kilo sabini kila mmoja ni kilo 1,400. Jumla tani mbili. Kitako kikiwa bapa, urefu mita sita na upana mita moja na nusu, kitazama kiasi cha sentimita 22. Sasa wapande arobaini, kama ilivyo desturi yetu ya kusema bado kuna nafasi. Tani zinakuwa tatu na nusu kasoro kidogo, nacho kinazama sentimita 38. Ubavu wake ukiwa na kimo cha nusu mita, juu ya maji panabaki sentimita 12, upana wa kiganja na kidogo. Wakisimama watu, uzito unapanda juu. Wakikimbilia upande mmoja kwa hofu, kiganja kile kinakwisha, maji yanaingia, na maji yakishaingia nayo hukimbilia upande ule ule.

Wale waliokuwa wakimcheka walinyamaza wote.

Hii ndiyo hoja yangu ya leo, wala sina nyingine. Elimu ya kuunda chombo ni moja, kiwe cha tani elfu mbili za Ufaransa au tani mbili za Tana. Kijana huyu ameipata kwa mchezo, na sisi tunaona mchezo tu, hatuioni elimu. Wakati huo huo tunawapakia mama zetu katika vyombo ambavyo hatujaviandikia ubavuni vinachukua watu wangapi. Waingereza waliona mabaharia wao wakifa kwa meli zilizoshindiliwa shehena, na mwaka 1876 sheria yao ikaamuru kila meli ichorwe alama ubavuni ya kikomo cha kupakia. Alama hiyo ni rangi na burashi, na bei yake haimshindi mtu.

Wala tusiseme elimu hii ni ya wageni peke yao. Mtepe wa Lamu na wa Wabajuni ulishonwa kwa kamba za makumbi, hauna msumari, na kwa sababu hiyo ukipanda mchanga ulinyumbuka badala ya kupasuka. Wazee wetu waliutazama mwamba na fungu la mchanga kwanza, ndipo wakaunda chombo. Na waliokuja kuipanda mito hii walilazimika kufanya vivyo hivyo. Mwaka 1865 Mjerumani von der Decken aliupanda mto Juba kwa meli ya moshi iitwayo Welf, ikavunjikia mawe juu ya Baardheere. Mwaka 1891 Mwingereza Dundas aliupanda Tana kwa Kenia, meli iliyosukumwa na gurudumu la tezini na kufaa maji machache, na mwaka 1892 akaupanda Juba nayo, akayakuta mabaki ya Welf. Kila maji yana chombo chake.

Atasema msomaji, dawa ya Kona Punda ni kuinua barabara, si mashua. Kweli, na barabara tuidai. Lakini mto haungoji zabuni. Mabwawa ya juu yakijaa, maji hushuka, na mgonjwa wa figo wa Madogo hawezi kuambiwa angoje mkandarasi. Basi wenye shule wawape vijana shindano la kuchora chombo cha Tana. Waalikwe mafundi wa Matondoni waje wakae nao, maana kijana ana hesabu na fundi ana mkono. Na kabla chombo hakijapakia roho ya mtu, kipakiwe magunia ya mchanga ya uzito ule ule, yasogezwe upande mmoja, tuone. Kikipinduka, tumepoteza mchanga tu.

Ama wale wenye kumcheka kijana wa nchi kavu anayechora meli, nitawakumbusha kisa tulichofunzwa chuoni sote, Garissa na Lamu. Nabii Nuhu aliamrishwa kuunda safina, na watu wake kila wakimpitia walimcheka. Hawakumcheka kwa kuwa hajui. Walimcheka kwa kuwa maji hawakuyaona bado. Sisi hatuna udhuru huo, maana maji tumeyaona.

Nilipoagana naye nilimwandikia ubeti huu nyuma ya daftari lake, na manowari yake sikumfutia:

Kijana shika kalamu, chora chombo cha salama,
Mafuriko yakidumu, watu wasije kuzama,
Hesabu iwe hukumu, pasiwe wa kusimama,
Hiyo kwangu ni muhimu, manowari ya huruma.