Shoka Kuukuu Lisitupwe

Wahenga walisema shoka lisilo mpini halichanji kuni. Kwa mama wa Samunge, wilayani Ngorongoro, anayepikia kuni, hilo si fumbo. Ukikuta mashoka ya zamani mnadani, usiyapite kwa sababu ya kutu.

Lenye ufa liache. Lenye kutu liloweke katika siki usiku mmoja, lisugue kwa brashi ya waya, lisuuze, likaushe, kisha lipake mafuta. Kipande cha mpini kilichokwama kitoe kwa patasi na nyundo. Usikichome motoni; moto hulainisha chuma, na makali hayatadumu. Noa kwa tupa, malizia kwa kinoo.

Mpini uwe wa mti mkavu, nyuzi zake zikifuata urefu. Shoka la jadi, ambalo mkia wake hupenya kwenye kirungu cha mti, hukazwa na kila pigo. Lile la tundu huhitaji kabari. Kulitia majini hulikaza kwa muda tu. Likikauka hulegea zaidi.

Mama, shoka likilegea, acha kuchanja papo hapo. Likichomoka, halichagui mtoto wa nani amesimama karibu.