Kibali si Kinga

Novemba 2015, Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku safari za nje za watumishi wa umma, zikiwemo za makongamano, ila kwa kibali cha Rais au Katibu Mkuu Kiongozi. Tuliafiki, kwani fedha ya umma ni amana.

Lakini, ndugu Waislamu, je, kibali chatosha? Kongamano lenye muhuri, hata liandaliwalo nyumbani, laweza kuwa la anasa: hoteli ya kifahari, bahasha za posho, na huku zahanati ya kijiji haina dawa. Aombaye kibali na aeleze faida kabla, na amalizapo atoe taarifa hadharani. Naye atiaye saini ni mshirika wa kila senti. Ataulizwa duniani, na Akhera ataulizwa zaidi.

Wabillahi tawfiq.