Vidonge Vyeusi vya Jirani

Je, msomaji, unaikumbuka ile zebaki ya themomita? Chombo kikivunjika, vijitone vyake hubiringika sakafuni viking'aa kama fedha, na mama hupiga kelele watoto wasiviguse. Basi zebaki hiyo hiyo, huko India, imemezwa kama dawa kwa zaidi ya miaka 1,000.

Juzi jirani yangu, ambaye ni mja mzito, aliniletea kikopo cha vidonge vyeusi alivyopewa na rafiki yake aliyetoka Mumbai. Aliambiwa ni miti shamba tu. Nilipoisoma karatasi ya ndani, nikakuta neno kajjali.

Kajjali si mti. Ni zebaki iliyosagwa pamoja na salfa hadi mng'aro wote ukapotea, ukabaki unga mweusi kama masizi ya sufuria. Waganga wa Ayurveda hawaitumii zebaki ovyo ovyo. Kwanza huisafisha, mathalan kwa kuisugua na kitunguu saumu na chumvi. Jivu la madini nalo lina mtihani wake: likiwa tayari, sharti lielee juu ya maji na liingie katika vijistari vya vidole. Karne ya 16 walitibu kaswende kwa dawa ya zebaki, wakiuita ugonjwa huo wa Wazungu. Usiwacheke! Madaktari wa Ulaya nao waliwapaka wagonjwa wao zebaki hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Ni kweli kwamba zebaki iliyoshikamana na salfa haiingii mwilini kwa wepesi kama aina nyingine. Lakini unga kuelea majini si ithibati kwamba sumu imetoka. Mwaka 2004 watafiti walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani huko Boston, Marekani. Dawa 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Zebaki huharibu figo na neva, nayo risasi hupita kwa mama ikamfikia mtoto tumboni na kuudhuru ubongo wake.

Sheria ya India yenyewe hutaka dawa zenye vitu vya sumu ziandikwe onyo kwamba zitumiwe chini ya uangalizi wa daktari. Kikopo cha jirani hakikuwa na onyo lolote. Alikuwa amekwisha meza vidonge vya wiki mbili. Tulikibeba hadi kliniki, daktari akaagiza damu na mkojo vipimwe. Majibu tunayangoja.